Jina la Mtoto na Namba ya Mpasuko

Masomo: Yohana 9:1-7, Walawi 13, Marko 9:20-24, Warumi 4:18-21, 2 Samweli 9



Kuna swali ambalo limeulizwa zaidi ya mara moja kwenye ushirika wetu wa nyumba hapa Soweto East, na kila likiulizwa tunalijibu upesi upesi kisha tunaingia kwenye maombi. Swali lenyewe ni hili. Mtoto amezaliwa na mpasuko usoni. Daktari amemwangalia, akaandika kwenye kijitabu cha kliniki jina geni na namba. Je, mzazi aliyeokoka akilitaja hilo jina, anakiri ugonjwa? Anampa shetani nafasi? Ama anafanya tu vile mzazi mwenye akili anapaswa kufanya?

Baba mmoja aliniambia waziwazi: "Pasta, kwangu hiyo namba haitajwi. Nikiitaja nimemfungia mtoto ndani yake." Namheshimu huyu baba. Hakusema hivyo kwa ujinga. Alisema kwa upendo, tena alisema kitu ambacho sisi wenyewe tumekihubiri hapa madhabahuni, kwamba maneno ya mtu yanaweza kujenga na yanaweza kuua (Mithali 18:21). Kwa hivyo hili si swali la kumjibu mtu kwa mkato. Lina Neno la Mungu upande mmoja na mtoto upande wa pili, na hatuna ruhusa ya kudharau hata mmoja.

TUNAONGEA JUU YA NINI

Wengi wetu tunaujua ule mpasuko wa kawaida, wa mdomo wa juu, wakati mwingine pamoja na kaakaa. Huo si nadra. Duniani inakadiriwa kwamba mtoto 1 katika kila 700 hivi huzaliwa nao.

Lakini kuna mipasuko mingine ambayo haifuati ile njia ya kawaida. Mmoja huanza mdomoni, ukapita kando ya pua, ukafika mpaka kwenye jicho. Mwingine hutoka pembe ya mdomo ukaelekea sikioni, ndio unaona mtoto ana mdomo mpana upande mmoja. Mwingine uko juu kabisa, unapita kwenye nyusi na paji la uso. Hii ndiyo nadra. Inakadiriwa kuwapata watoto kati ya 1 na 5 hivi katika kila 100,000 wanaozaliwa. Nesi anaweza kuzalisha akina mama mpaka astaafu na asiuone hata mmoja. Ndiyo maana mtoto kama huyo akizaliwa, mama husikia minong'ono kabla hajasikia maelezo.

Zamani hata madaktari hawakuwa na lugha moja juu ya mipasuko hii. Kila mmoja aliielezea kwa maneno yake, na wa nchi moja hakuelewa vizuri wa nchi nyingine ameona nini. Mwaka wa 1976 daktari mpasuaji Mfaransa, Paul Tessier, alichapisha mpango wa namba ambao unatumika mpaka leo. Ndio sababu jina lake liko kwenye kijitabu cha mtoto wa Nairobi.

Mpango huo si mgumu. Chukua tundu la jicho kama kitovu, kisha chora mistari kukizunguka, kama mishale ya saa. Namba zinaanza 0 mpaka 14. Namba 0 iko katikati kabisa, kwenye mdomo wa juu na pua. Namba 14 iko katikati pia, lakini juu, kwenye paji la uso. Mistari iliyo chini ya jicho hupita shavuni na mdomoni. Iliyo juu ya jicho hupita kwenye kope, nyusi na paji. Namba 7 ni ule wa pembe ya mdomo kwenda sikioni. Na kuna jambo la kupendeza: mpasuko wa chini ukiendelea mpaka juu, mara nyingi ukijumlisha namba zake mbili unapata 14. Namba 4 huendelea na 10, namba 3 na 11, namba 1 na 13. Mpasuko wa katikati ya taya la chini ulipewa namba ya peke yake, 30.

Mimi nilisomea biashara, si udaktari. Niliposoma habari hii nilichokiona ni kazi ya kuhesabu stoku. Mwenye duka akiandika kitabuni "vitu vya jikoni," mwisho wa wiki hatajua kama kilichokwisha ni sukari ama chumvi. Akiandika kila kitu kwa jina lake, anajua aagize nini na lini. Ni hivyo hivyo hospitalini. Ukiandika "ulemavu wa uso," hakuna anayejua afanye nini asubuhi. Ukiandika "namba 4, upande wa kushoto," daktari wa macho anaitwa siku hiyo hiyo.

Kwa nini daktari wa macho? Kwa sababu mpasuko wa namba 3 au 4 hufika kwenye kope la chini. Kope likikosa sehemu, jicho halifungi vizuri. Jicho lisilofungika hukauka, likikauka hupata vidonda, na vidonda vinaweza kulipofusha. Mtoto aliyezaliwa na jicho zima anaweza kulipoteza kwa sababu ya kungoja tu. Katika namba 14, uvimbe laini unaoonekana kwenye paji au juu ya pua unaweza kuwa ni sehemu ya ubongo iliyotokeza kupitia pengo la mfupa, kwa hivyo hakuna mtu anayeruhusiwa kuuchoma wala kuukamua. Katika namba 7, taya na sikio la upande ule huenda vilikua kidogo, kwa hivyo lazima mtoto apimwe kusikia. Tena ngozi hudanganya. Pengo dogo kwenye ngozi linaweza kuwa na pengo kubwa mfupani, na kinyume chake, ndiyo maana mtoto hupigwa skani ya kichwa kabla ya upasuaji. Namba ni ufunguo wa haya yote.

1. NAMBA INAULIZA "IKO WAPI," HAIULIZI "NANI ALIKOSA"

Angalieni vizuri Tessier alifanya nini. Aliweka alama ya mahali, basi. Hakusema mpasuko umeletwa na nini. Wataalamu wengine, kama van der Meulen na wenzake mwaka wa 1983, walijaribu kuipanga mipasuko kufuatana na jinsi uso unavyokosa kukua tumboni, na kazi yao ina faida. Lakini hata wao hawakuwahi kuandika safu ya mwenye makosa.

Sasa linganisha na mtaa. Mtoto akizaliwa hivi kwenye plot yetu, swali la kwanza si mpasuko uko wapi. Ni nani alifanya nini. Eti mama alimcheka mtoto wa watu. Eti alitoka nje usiku mwezi ukipatwa. Eti baba ana deni la kimila nyumbani. Na sisi walokole, kwa sababu hatuongei lugha ya mila, tumelitafuta jina letu: laana ya ukoo. Tofauti ni kidogo sana. Mama anaanza kukumbuka dhambi zake zote tangu akiwa shule, moja baada ya nyingine, akitafuta ni ipi iliyokata uso wa mtoto wake.

Wanafunzi wa Yesu walikuwa na swali hilo hilo walipomkuta mtu aliyezaliwa kipofu. Walimpa Bwana majibu mawili achague: ni yeye mwenyewe, ama ni wazazi wake? Yesu alikataa yote mawili. Hakuwapa jibu la tatu la nani wa kulaumiwa. Aligeuza mazungumzo yote yaelekee kwenye kazi ya Mungu inayopaswa kufanyika wakati ungali mchana. Kisha akainama, akafanya tope, akampaka yule mtu machoni na kumtuma aende akanawe Siloamu. Ukisoma kwa utulivu unaona kwamba Bwana alitoka kwenye "nani" akaenda kwenye "tufanye nini." Hapo ndipo hata ile namba ya kwenye kijitabu inataka kutupeleka.

Na ukweli wa maumbile unamuunga mkono mama. Uso wa mtoto hujengwa mapema sana, kati ya wiki ya 4 na ya 8 ya mimba. Vipande hutoka juu na kutoka pande zote mbili, vikasogea mpaka vikakutana na kushikana. Mahali viliposhindwa kushikana ndipo panabaki wazi. Wakati mwingine nyuzi za ule mfuko wa maji ya uzazi hujifunga usoni zikazuia kazi. Mipasuko mingi ya nadra hutokea kwenye familia ambayo haijawahi kuwa nayo. Na wiki hizo akina mama wengi hawajajua hata kama wana mimba. Wapendwa, mama huyo alikuwa anauza mboga, anateka maji, anakuja kesha ya Ijumaa, na ndani yake kazi hiyo ilikuwa inaendelea bila yeye kujua. Tukimwambia atafute dhambi yake, tunamtoza faini ambayo Yesu alikataa kuitoza.

Hiyo haimaanishi hakuna la kujifunza. Pombe na sigara wakati wa mimba si salama kwa mtoto. Baadhi ya dawa za kifafa huongeza hatari ya mpasuko wa mdomo na kaakaa, kwa hivyo dada mwenye kifafa anayepanga kuzaa aongee na daktari mapema, wala asiziache dawa kivyake. Kliniki ya wajawazito iendewe mapema. Lakini mafundisho ya kujikinga ni ya kesho. Hayageuzwi rungu la kumpiga mama wa jana.

2. BIBLIA HAIOGOPI UCHUNGUZI

Hapa ndipo yule baba na mimi tulikaa sana. Tumezoea kufundisha kwamba usikiri ugonjwa. Nauliza: kukiri maana yake nini? Kuna kukiri kwa maana ya kusujudu, yaani kusema huu mpasuko ndio neno la mwisho juu ya mtoto wangu. Huko tukukatae kabisa. Lakini kuna kusema ukweli wa kitu kilichopo mbele ya macho yako. Hivyo viwili si kimoja, na kuvichanganya kumetugharimu.

Fungua Walawi 13. Sura nzima ni ya uchunguzi. Kuhani anaangalia ngozi, anaangalia rangi ya nywele, anaangalia kama kidonda kimeingia ndani ama kiko juu tu. Akiwa hana hakika hakisii. Anamweka mtu siku saba, anamwangalia tena. Kusudi ni asimwite mgonjwa mtu ambaye ana kovu tu la moto, wala asimwachilie mwenye ugonjwa wa kweli. Mungu wetu alitaka makuhani wake wajue kutofautisha. Hakuwaambia wafumbe macho ndipo imani ionekane. Na Yesu alipowakutana wale wenye ukoma, aliwaagiza waende wakajionyeshe kwa makuhani (Luka 17:14). Aliwapeleka kwa wanaochunguza.

Fungua Marko 9. Baba analeta mwanawe anayeanguka na kutoka povu. Yesu, ambaye anajua yote, anamuuliza yule baba hali hii imemshika mtoto tangu lini. Yule baba anaeleza yote: tangu utotoni, mara motoni, mara majini. Bwana hakumwambia anyamaze, anakiri vibaya. Alimsikiliza mpaka mwisho. Na maneno ya kuomba asaidiwe kutokuamini kwake yalitoka kwa baba huyo huyo, baada ya kusema ukweli wote.

Fungua Warumi 4. Paulo anamsifu Abrahamu kama baba wa imani, na jambo analolisema ni kwamba Abrahamu aliutazama mwili wake mwenyewe, karibu miaka mia, akaona umekwisha, akaliona na tumbo la Sara, na bado imani yake haikulegea. Hakusema yeye ni kijana. Aliangalia hali kama ilivyo, kisha akamwangalia Mungu aliyeahidi. Imani ambayo lazima ifiche karatasi ya daktari ndiyo iweze kusimama, hiyo bado ni imani changa. Inahitaji kulelewa, si kusifiwa.

Kwa hivyo mzazi akisema "mtoto wangu ana mpasuko wa Tessier namba 4," hajamfunga mtoto. Amesema mahali palipo na kazi. Na sisi tukiomba, tuombe kwa jina hilo hilo: Bwana, linda hili jicho la kushoto, ongoza mikono ya atakayeshona kope hili. Ombi linalojua linaomba nini halijapungukiwa na upako.

3. KUNGOJA KUNALIPWA NA MTOTO

Sisi watu wazima tunaweza kungoja. Tunafunga siku tatu, tunafunga siku saba, na mwili wetu unavumilia. Mtoto wa wiki mbili hana hiyo nafasi. Akiwa na mpasuko wa kaakaa hawezi kunyonya vizuri kwa sababu hewa inavuja mdomoni. Anachoka kabla hajashiba. Mtoto wa namna hii akifa, mara nyingi hauawi na mpasuko. Anauawa na njaa na nimonia, ndani ya nyumba yenye watu wanaompenda.

Sasa nasema mambo ya kawaida kabisa, na myachukue kama sehemu ya mahubiri. Mama akamue maziwa yake. Mtoto alishwe akiwa ameinuliwa, si amelala chali, kidogo kidogo, kwa kikombe safi, kijiko ama chupa maalum, akipumzishwa na kucheulishwa. Apimwe uzito mara kwa mara. Mdomo wa kawaida mara nyingi hushonwa mtoto akifika miezi 3 hivi kama uzito na damu viko sawa, na kaakaa mara nyingi kati ya miezi 9 na 18. Kwa hivyo kila gramu anayoongeza ni hatua ya kwenda kwa upasuaji. Dada wa maombi anayempikia mama huyu uji na kumshikia mtoto ili alale saa moja anafanya huduma sawa na anayeshika maikrofoni.

Wengi wanaogopa gharama, na nawaelewa, kwa sababu hapa kwetu hata nauli ni hesabu. Lakini mpasuko wa mdomo na kaakaa ni mojawapo ya mambo ambayo msaada wake upo kweli. Operation Smile ilianza kufanya upasuaji Kenya mwaka wa 1987. Smile Train, iliyoanzishwa mwaka wa 1999, hugharamia upasuaji kupitia hospitali inazoshirikiana nazo humu nchini, mzazi asilipishwe. Uliza kliniki, uliza mhudumu wa afya wa jamii anayepita kwenye plot yako, uliza ofisini kwetu kanisani.

Mipasuko ya nadra ni safari ndefu zaidi, na ni vizuri mzazi aambiwe mapema. Si upasuaji mmoja. Inahitaji timu: mpasuaji wa uso, wa macho, wa meno na taya, wakati mwingine wa ubongo, na mwalimu wa kuongea. Kutoka kliniki ya mtaani utaelekezwa Mbagathi, kutoka Mbagathi huenda ukaelekezwa Kenyatta. Kazi nyingine hungoja mpaka mifupa ya mtoto imalize kukua, yaani mpaka awe kijana. Hapo katikati wengi hukata tamaa, si kwa kukosa imani, ni kwa kuchoka na foleni. Ndiyo maana nasema faili la mtoto litunzwe kama hati ya shamba, na mama asiende kliniki peke yake.

Kuna anayesema, mbona Mungu asimalize mara moja? Namwamini Mungu wa kumaliza mara moja. Lakini nakumbuka kipofu wa Bethsaida katika Marko 8. Bwana alimgusa, akamuuliza anaona nini. Yule mtu akasema ukweli: anaona watu, lakini hawako sawasawa. Yesu hakukasirika. Alimgusa mara ya pili. Kama mikono ya Mwokozi ilirudi mara ya pili, mimi ni nani niseme upasuaji wa awamu tano hauna mkono wa Mungu?

4. NAMBA SI MTOTO

Sasa nigeukie upande wa pili, kwa sababu yule baba alikuwa na hoja hapa. Kuna hatari ya kweli katika kuainisha watu.

Sisi wa Kibera tunajua alama. Tunajua ile X nyekundu inayopakwa ukutani, kisha asubuhi moja unasikia matingatinga. Mwezi wa Julai 2018 wengi waliiona ikitimia barabara ilipopitishwa katikati ya nyumba na shule zetu. Lakini tunajua pia alama ya namna nyingine. Mradi wa kuboresha makazi ulipokuja Soweto East, tuligawanywa kwa zoni, zikapewa herufi, watu wakahesabiwa na kuandikishwa, kusudi nyumba zikijengwa ijulikane nani alikuwa anaishi wapi. Hata hiyo ilikuwa na maneno yake, tunajua. Lakini kuhesabiwa ili uondolewe si sawa na kuhesabiwa ili upate mahali. Rangi inaweza kuwa moja na kusudi likawa mbili.

Kwa hivyo usiulize tu kama mtoto amepewa namba. Uliza namba inamfanyia nini. Ikimletea daktari wa macho, ni alama ya kumtafutia mahali. Ikitumika kumwita "ule namba 4 wa kitanda cha tatu," imekuwa X. Na hata picha ya tumboni siku hizi inaweza kuonyesha mpasuko mtoto hajazaliwa. Ujuzi huo unaweza kumsaidia mama ajiandae na azalie hospitali kubwa. Unaweza pia kutumiwa na watu wake kumshinikiza amkatae mtoto. Ubaya hauko kwenye ile mashine. Uko kwa wale walio karibu na mama siku anapopewa majibu, na kama hakuna mtu wa kanisa kati yao, tusishangae atakaowasikiliza.

Wazee wetu walijua kuita. Kwa Waluo mtoto wa usiku ni Otieno, wa asubuhi ni Akinyi. Kwa Waluhya wa Bukusu mtoto wa msimu wa mvua ni Wafula ama Nafula. Jina linasema ukweli wa siku aliyozaliwa, bila kumlaumu mtu, na hakuna anayedhani Otieno ni usiku mtupu. Mtu anakua, anakuwa fundi, anakuwa mzee wa kanisa, na jina linabaki mlango tu wa kumwingilia. Lakini "mdomo wa sungura" si jina la namna hiyo. Linamtoa mtoto kwenye watu na kumpeleka kwa wanyama. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 54, inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kuheshimiwa na kutajwa kwa namna isiyomshusha. Ni aibu kama Katiba itakuwa na adabu kuliko Sunday school yetu. Semeni "mtoto aliyezaliwa na mpasuko." Afadhali zaidi, mwite kwa jina aliloitwa siku ya kuwekwa wakfu.

Na hapa naongea na timu yetu ya media. Picha ya kabla na ya baada inavutia sana, najua, na inaleta sadaka. Lakini mtoto si bango la muujiza. Siku moja atakuwa na miaka 15, atakuwa na simu, atajikuta huko. Pasipo ruhusa ya wazazi, tena ruhusa iliyoombwa wakati hawana deni la fadhila kwetu, hakuna picha. Hata ushuhuda wa madhabahuni usubiri mpaka familia yenyewe itake.

Mwisho wa yote kuna kovu. Upasuaji ukienda vizuri sana, bado kwa mipasuko mingine kovu linabaki, na jicho moja linaweza kukaa chini kidogo kuliko lingine. Kanisa linalojua kushangilia uponyaji uliokamilika tu halina cha kumwambia mtoto huyu. Someni 2 Samweli 9. Mefiboshethi alikuwa kiwete wa miguu yote miwili, anaishi mbali, anajificha. Daudi alimleta akamketisha mezani pake pamoja na wana wa mfalme. Nimesoma sura hiyo mara nyingi, na mstari wa mwisho ndio hunishika. Mwandishi anatuambia kwamba alikula mezani pa mfalme siku zote, kisha anatukumbusha tena kwamba alikuwa kiwete. Hakuficha miguu, na hakuiruhusu imwondoe mezani. Kumbe vyote viwili vinaweza kukaa kwenye sentensi moja. Hilo ndilo jibu langu kwa yule ndugu. Taja namba. Mketishe mtoto mezani.

YA KUFANYIA KAZI KWENYE USHIRIKA WA NYUMBA

1. Katika plot yako kuna mtoto ambaye hutolewa nje jioni tu, watu wakiwa wamepungua? Nani kati yetu atamtembelea mama yake wiki hii, bila maswali ya nani alikosa?

2. Tofautisheni kwa maneno yenu kusema ukweli wa hali na kuipa hali neno la mwisho. Mfano wa Abrahamu unatusaidiaje?

3. Ushirika wenu unaweza kuchangia nauli ya kliniki ya nani, kwa miezi mingapi? Andikeni namba, mweke na jina la atakayemsindikiza.

Tuombe. Baba, wewe ndiwe uliyemuumbia mwanadamu kinywa, na ulimwambia Musa hivyo alipolalamika juu ya ulimi wake. Tunawaleta kwako watoto wetu waliozaliwa na mpasuko usoni. Linda macho yao, shibisha matumbo yao, fungua masikio yao. Wape madaktari jicho la kuona na mkono usiotetemeka. Waondolee mama zao mzigo ambao hukuwatwika. Na sisi, tufundishe kuwaita watoto hawa vile wewe unavyowaita. Kwa jina la Yesu, Amina.